Gari Halitoki Tupu

Nilijifunza kuendesha gari kwa kumtazama baba usoni. Akikunja paji la uso, nilipunguza mwendo. Akifumba macho, nilijua kuna tuta nimelichukua vibaya, na hapo nilitambaa mpaka ayafumbue. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia na ulimi, kikachukua karibu kila kitu kingine. Mgongo alikuwa ameshauharibu mwenyewe, kwa kuendesha lori la Moyale enzi za vumbi na mawe. Kigari changu cheupe nilikinunua kwa ajili ya kliniki yake ya Meru, na njia hiyo naijua kona kwa kona, lakini naijua kama mtu aliyebeba sufuria ya chai iliyojaa hadi ukingoni.

Na mimi si mtu wa polepole. Sokoni ninakouza vitambaa wateja wananijua: ukikishika kitambaa, ukakiachilia, ukakishika tena bila kuuliza bei, nakikunja. Chakula nakula nimesimama. Majirani huniambia haraka haraka haina baraka, nami huwajibu kwamba hata pole pole sijaona imewaletea nini. Walipokuwa wakinisifu kwa kumtunza mzee, wakisema nina bahati ya thawabu, nilitabasamu kwa meno tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimpenda baba na nilichoka, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kilichopunguza kingine.

Basi binamu yangu anayeishi Nairobi alinitumia video. Kulikuwa na kiwanja cha mbio za magari, na siku moja moja waliwafungulia watu wa kawaida na magari yao ya kawaida. Hakuna mshindi wala zawadi. Unalipa, wanakagua gari, unavaa helmeti, unazunguka kwa kasi unayoiweza, na hakuna ng'ombe, pikipiki wala tuta mbele yako. Niliitazama video hiyo mpaka simu ikapata moto mkononi. Nilijiandikisha kabla sijamwambia mtu yeyote, kwa furaha na kwa woga.

Niliyemwogopa ni baba. Kwetu mtu hatoki safari bila dua ya mzazi, na umri wangu haubadilishi hilo.

Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti chake, redio pajani. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo barabara inaenda wapi, aabo?" akauliza. Sisi Wasomali mtoto humwita babake aabo, na baba naye humwita mtoto jina hilo hilo.

"Haiendi mahali, Aabo. Inazunguka."

"Inazunguka nini?"

"Inajizunguka yenyewe. Unatoka hapa, unarudi hapa."

Alizima redio. Kisha akauliza swali nililojua linakuja. "Na umebeba nini?"

Babu yangu alivua sare ya mkoloni akabaki Isiolo, akanunua lori, na tangu siku zake nyumba yetu ina sheria moja: gari halitoki tupu. Ukienda Oldonyiro kuchukua mbuzi wa mnada, unapeleka chumvi ya mifugo. Ukienda Kulamawe, unapeleka hata mtungi mmoja wa maji. Baba akisikia gari likiunguruma uani alikuwa akiuliza umebeba nini kabla ya kuuliza unakwenda wapi, na dua yake aliusomea mzigo kwanza, dereva baadaye. Gari tupu, alisema, linatafuta la kubeba, na barabarani halikosi balaa.

Kurudi kulikuwa jambo lingine. Mzigo ukishashushwa salama, lori liliruhusiwa kurudi bila kitu, na madereva walipenda safari hiyo kuliko zote. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akiacha sufuria na kutega sikio upande wa kaskazini. Alilijua lori la baba kwa mlio, na alijua kama lina mzigo au halina. "Hiyo inarudi tupu," alikuwa akituambia. "Wekeni chai." Na baba aliteremka na uso wa kijana, mavumbi hadi kwenye kope, akicheka peke yake. Mama alishatutoka, na uso ule sijauona tena.

"Hawaruhusu mzigo," nilimwambia. "Gari lazima liwe halina kitu chochote ndani. Hata chupa ya maji hawataki."

"Basi hiyo si safari," akasema, akawasha redio.

Niliondoka barazani nimefura. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka na gari langu mwenyewe, na ningeweza kwenda bila dua yake. Nililisema hilo jikoni kwa sauti, nikiwa peke yangu. Nilijua siwezi.

Hata hivyo nilipeleka gari kwa fundi. Huyu ni Mmeru mwenye gereji ndogo karibu na stendi, mtu mpole asiyeniogopa. Nilimwambia alitayarishe kwa mbio, nikarudi dukani. Niliporudi jioni nilidhani nimeona gari la mtu mwingine. Lilikuwa limenyanyuka. Chini yake mbuzi angeweza kupita bila kuinama. Juu alikuwa amefunga keria, na juu ya keria mitungi miwili na tairi la akiba la pili.

"Nimekuinulia, mama," alisema kwa fahari. "Chini haigusi jiwe. Hata njia ya Gotu mvua ikinyesha utapita tu."

Kwa fundi wa Isiolo, gari linalotayarishwa ni gari linaloelekea kaskazini. Lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kumwelewa mtu. "Shusha!" nilipiga kelele, mpaka muuza viazi wa ng'ambo akageuka. "Shusha yote! Inakimbia kwa lami, inazunguka tu!"

"Inazunguka? Si ungesema mapema." Akafikiri kidogo. "Na inabeba nini?"

Nilikaa juu ya tairi nikacheka kwa hasira. Mji mzima ulikuwa na swali moja.

Alilishusha. Alibadilisha mafuta ya breki na kukaza kila nati huku nimemsimamia, nikimwuliza hii je, na hii je, mpaka akaniomba nikanywe chai. Nilipokataa alinionyesha breki padi alizokuwa amezitoa. Zilikuwa karibu mpya.

"Miaka yote hii," akasema, "wewe hujawahi piga breki kweli kweli. Na engine imejaa masizi ya mwendo wa pole. Hii gari haijawahi pumua."

Alikuwa anazungumzia gari. Mimi nilitazama pembeni, maana machozi yalinijia bila kuomba ruhusa.

Asubuhi iliyofuata nilitoka peke yangu barabara ya Ngare Mara kulijaribu, mtungi mmoja wa maji nyuma ili nisivunje sheria ya nyumba, kwa kasi inayoruhusiwa barabarani na si zaidi. Lami ilikuwa nyeupe kwa jua na hapakuwa na mtu ila ngamia wachache wakila mbali. Nilikanyaga, na kabla gari halijachangamka, mguu uliinuka wenyewe. Nikakanyaga tena, ukainuka tena. Nikagundua natazama kiti cha kushoto, nikitafuta paji la uso lililokunjwa, na kiti hakina mtu.

Niliporudi nyumbani, kiti hicho ndicho kilichobaki kuondolewa vitu. Wenye kiwanja walitaka kila kilicholegea kitolewe. Nilikuwa nimeshatoa zulia, jeki na kopo la mafuta. Lakini kiti cha baba kilikuwa na mito ya sponji niliyoishona mwenyewe, na juu ya mlango palikuwa na kamba ya turubai, aliyoifunga kwa mkono mmoja na meno ili ajishikilie kwenye matuta. Fundo lake lilikuwa lile la madereva wa lori, ambalo haliachii mzigo hata lori likilala ubavu. Nilijaribu kulifungua nikavunja ukucha. Nilichukua kisu, nikakirudisha. Niliona nikiikata ni kama nimesema hatapanda tena.

Baba alikuwa akinitazama kutoka barazani muda wote huo. Nilidhani atanigombeza. Akaniita.

"Hapo kwa hicho kiwanja, kuna geti?"

"Liko."

"Na mzigo unaweza kushushwa kwa geti?"

Sikuelewa. "Mzigo gani, Aabo? Nimekwambia hawataki..."

"Mimi," akasema. "Mimi ndio mzigo. Nipeleke mpaka geti, unishushe. Baada ya hapo gari inarudi tupu, na hiyo haina makosa."

Nilimwambia ni mbali, mgongo hautakubali. Alinijibu kwamba mgongo ni wake na amekwisha ubebesha mabaya zaidi. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, akasema, "Unafikiri sijui umenibeba? Najua uzito. Mimi nilikuwa dereva."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia vizuri, nikanawa uso, nikaanza kumfungashia nguo.

Safari ya Nairobi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuendesha. Kupanda Timau tulipitwa na magari ya viazi, tulipitwa na trekta. Nilimtazama uso kila kona. Nilikuwa na haraka mpaka vidole vilikuwa vikigonga usukani, na hakuna kilichobadilika, kwa kuwa mwendo ulikuwa wake. Tulilala kwa binamu, na asubuhi tukafika getini magari mengine yameshaanza kuunguruma ndani.

Msimamizi, kijana wa Nairobi mwenye fulana ya njano, alichungulia dirishani, akaona mito na kamba. "Madam, hivi vyote vitoke."

"Ngoja," baba akamwambia. Aliinua mkono wake wa kulia, akatafuta fundo kwa vidole bila kulitazama, akavuta ncha moja. Kamba ikaachia mara moja. Aliniwekea mapajani. "Bismillahi," akasema. "Shusha mzigo."

Tulimshusha, mimi na kijana yule, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki pembeni ya ukuta wa matairi, mito yake mgongoni. Alisoma dua fupi na kulipulizia gari kwa pumzi aliyokuwa nayo. Nilifunga mtandio vizuri, nikavaa helmeti juu yake, nikaingia.

Mzunguko wa kwanza niliuendesha kama naenda kliniki. Kila kona mguu uliinuka na jicho likaenda kushoto. Mara ya pili nilitazama kushoto mapema, kwa makusudi, nikakiona kiti kilivyo, kimekwisha shusha mzigo. Ndipo nikakanyaga. Gari lilikohoa masizi yake, likanguruma, nami nikapiga kelele ndani ya helmeti kwa lugha zote ninazozijua.

Kijana wa fulana ya njano alinieleza baadaye. Alisema nilipopita mara ya kwanza mzee aliinamisha kichwa. Nilipopita mara ya pili alikuwa amefumba macho na kutega sikio, na alikuwa akicheka peke yake. Kisha mzee alisema jambo ambalo kijana hakulielewa, akadhani anaomba kinywaji, akaenda kumtafutia. Sijui mama alimwambia lini maneno yale, kwa kuwa baba siku zote ndiye aliyekuwa ndani ya lori.

"Hiyo inarudi tupu," baba alikuwa amesema. "Wekeni chai."