Kofia ya sufu ndani ya kofia ya chuma

Admin, naomba ufiche jina langu na hata avenue yetu, maana hapa quartier Mapendo, mutaa wetu, tunajuana wote. Niko mama wa miaka trente-quatre (thelathini na minne), niko na watoto watatu, na tangu wiki iliyopita siwezi kumeza chakula.

Bwana yangu anauza vitu vya kale vya jeshi. Volkano ilipotoka, lave, ule moto wa mulima, ilikula duka letu la vitenge pamoja na nyumba, tukabaki na nguo za mwilini. Muzee jirani, kwa huruma, akampa baïonnette, kile kisu cha mbele ya bunduki, cha baba yake aliyekuwa askari wakati wa Wabelgiji. Mzungu mmoja akainunua hata bila kubishana bei. Ndiyo kazi ikaanza hapo. Alizunguka Rutshuru na Masisi kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, anatafuta familia za askari wa zamani: kofia za chuma, vifungo, tarumbeta, medali. Mimi nilijivunia sana. Alijua kutenganisha cha kweli na cha uongo. Akigeuza casque, ile kofia ya chuma, na kusoma alama ya ndani, alikuambia ilitengenezwa wapi. Alikaa na wazee, akasikiliza habari zao, akalipa mbele ya watoto wao. Hiyo ilikuwa kazi safi.

Kisha wazee wakaisha, na vitu vyao vikaisha. Bwana yangu akaanza kurudi na vitu vyenye udongo na harufu. Ile harufu ya kuoza ambayo sabuni haitoi. Nikimuuliza, anasema, "Vilikuwa vimefichwa ndani ya choo ya muzee fulani." Nikaamini. Nilivisugua ndani ya beseni ileile ninayoogeshea mutoto wangu wa mwisho. Ndugu zangu, nikikumbuka ile beseni natapika, na siongezi chumvi.

Wiki iliyopita alirudi kutoka kijiji cha Kalengera na casque ndani ya gunia. Akaniambia nisiiguse na maji. Nikashangaa. Akanisikilizisha sauti ya client, mununuzi wake wa Ulaya, kwenye téléphone, anasema kwa Kifaransa: "Usioshe. Damu uiache. Yenye damu ndiyo ninayotafuta." Alisema polepole, kama mutu anayeagiza nyama buchani.

Bwana yangu alipotoka kwenda kutafuta karto, boksi ya kuifungia, nikaifungua. Casque ilikuwa ya kale kweli, ya Wabelgiji. Lakini wakati wa hizi rebellion, hizi vita za waasi, vijana walivaa chochote walichopata, hata vitu vya mababu. Ndani yake kulikuwa na kofia ya sufu imegandamana, na kwenye sufu nywele za mutu. Nywele hazikuwa za kale.

Nikaivuta. Kijani, mistari ya njano, na pembeni ya sikio herufi B.

Kofia za namna ile namjua mama mumoja tu anayezifuma. Tumuite Mama Bahati. Vita ilimtoa Kalengera, tunaimba naye kwaya. Kila mutoto anayemfumia, anamuwekea herufi ya jina lake pale kwenye sikio. Hata wangu wa mwisho anayo yake. Bahati, mutoto wake wa kwanza, waasi walimkamata njiani akienda shamba, wakamlazimisha kubeba bunduki. Hakurudi. Na kwa sababu hakuna aliyeona maiti, mama yake amekataa kuweka matanga. Kila dimanche anasimama kanisani, anasema, "Muniombee Bahati, apate chakula kule aliko."

Bwana yangu aliporudi nikamuuliza, "Hii uliitoa wapi?"

"Kwenye shamba."

"Kwenye kichwa ya mutu?"

Akacheka. "Mama watoto, ule alishakufa. Mutu alishakufa ana kazi gani na casque?"

Nikamwambia ni Bahati. Nikamuonyesha ile herufi. Akaitazama, kisha akasema, "Usiipoteze. Client anataka vyote pamoja. Ndiyo inakuwa authentique, ya kweli kabisa."

Nilimuangalia yule mwanaume niliyelala naye miaka yote. Nikamuuliza jambo moja tu: "Ulimfukia tena?"

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Ni hivyo tu alijibu. Mvua ilikuwa inanyesha!

Nikabeba watoto na ile kofia ya sufu, nikaenda kwa dada yangu mukubwa. Beseni niliitupa njiani. Casque amekwisha kuituma. Anapiga simu kila siku. Kwanza alitukana, sasa analia: "Ukisema, vijana wa quartier watanichoma. Utawaambia nini watoto?" Nilimuomba anionyeshe mahali, hata kwa siri, tukamfukie ule mutoto. Akasema atanipeleka siku nitakaporudisha kofia.

Dimanche hii Mama Bahati alikuja kukaa karibu yangu kanisani. Akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikasema malaria. Akanishika mukono, akafungua sakosh yake, akanionyesha pullover anayofuma, kubwa, bado mukono mumoja. "Ni ya Bahati," akaniambia. "Atakuwa amekua, zile za zamani hazitamuenea."

Sikuweza kumuangalia machoni.

Mama zangu, dada zangu, hata ninyi wanaume, munitolee mawazo. Nikimuambia Mama Bahati, pengine watamuua baba wa watoto wangu, na yeye ndiye peke yake anajua shamba ni lipi. Nikinyamaza, mutoto wa mutu anaendelea kulala wazi kama mbwa, na mama yake anamfumia pullover. Nimuendee nani kwanza, na nianze na neno gani?