Siku Niliyomwimbia Mutuku Volume ya Saba Mbele ya Wakwe

Mpaka leo nikiona watu wawili wananong'onezana sokoni Emali huku wananitazama, najua wanasema nini, na kwa kuwa wengi wenu mmeshasikia vipande vipande vilivyotiwa chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini), afadhali mwenye aibu yake aieleze mwenyewe, tena kuanzia mwanzo.

Mimi ndiye Kioko, mwimbaji wa Kavuthu Boys. Kavuthu alikuwa nyanya yangu, na ghala lake la mahindi kule Mbumbuni ndilo tulilofanyia mazoezi ya kwanza, mimi na Mutuku, tukiwa na gita moja lililobaki na nyaya nne na debe tupu la mafuta. Hiyo ni miaka ishirini na minane iliyopita na bado tunaitwa Boys, ingawa mpiga ngoma wetu Musembi ana wajukuu, na mimi mwenyewe nikiinama kuchomeka waya lazima nitafute mtu wa kuniinua. Hatujawahi kuwa na kampuni wala meneja. Tunarekodi wenyewe na kuuza wenyewe, zamani kwa kaseti, baadaye CD, siku hizi flashi na simu, na tumefika Volume ya arobaini na tatu, nyimbo zaidi ya mia nne. Mkiniuliza zote zinasema nini, hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

Sisi hatuandiki maneno. Tunakodi chumba cha kurekodia Emali asubuhi, Mutuku anatafuta solo, mimi nafumba macho naimba yanayonijia, na kufika saa kumi na moja volume imeisha na mimi nimeshasahau nusu yake. Ndiyo maana bendi yetu ina sheria moja, na aliyeitunga ni Mutuku, kwamba mtu akiomba wimbo wa zamani tunausikiliza kwanza, sote, mpaka mwisho, ndipo tunapanda jukwaani. Ni sheria nzuri, na nimeifuata miaka hii yote isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ilikuwa kwenye harusi ya Mwende, binti mkubwa wa Mutuku, ambaye nilimbeba akiwa hana hata jino. Bwana harusi alitoka Kitui, na jamaa zake ni watu wa kanisa, watulivu, wa kusalimiana kwa mikono miwili. Siku hiyo Mutuku hakuwa mpiga gita, alikuwa baba ya bibi harusi, amevaa suti ya kijivu na kukaa meza kuu pamoja na mkewe Ndinda na wakwe wapya, na solo tulimwachia Kimeu, gita letu la pili. Mchungaji alikuwa amekubali tupige, mradi nyimbo ziwe safi, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba sisi hatuna nyimbo chafu.

Lakini nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Wiki mbili kabla ya harusi Mutuku alikuwa ameniambia, "Kioko, hii goti imechoka kusimama. Wacha nimalize harusi ya mtoto, halafu nitaona kama naendelea ama nirudi tu kwa shamba." Na Jumatatu baada ya harusi ndiyo tulikuwa tuingie chumbani kurekodi Volume ya arobaini na nne. Bila Mutuku hakuna Kavuthu Boys, kuna mzee mmoja mnene anayepiga kelele. Kwa hiyo nilitaka harusi hiyo iwe tamu, tamu kiasi kwamba akikaa pale mezani vidole vimuwashe, aone mwenyewe kwamba hawezi kutuacha.

Na ilikuwa tamu, mpaka keki ikakatwa. Ndipo mjomba wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye kofia pana, akaja mpaka jukwaani na kuniinamia kwa heshima.

"Mzee, mko na ile ya Safari ya Kiboko? Volume seven. Huko kwetu Kitui hiyo ndio wimbo yetu."

Musembi akatoa simu mfukoni. "Wacha tuisikie kwanza," akasema, "ni dakika nne tu."

Nikatazama watu. Walikuwa wameshasimama, akina mama wamefunga leso kiunoni, mjomba anangoja kofia mkononi, na mimi nikaona aibu (sikiliza hiyo, nikaona aibu) kuwaambia kwamba mtunzi hakumbuki wimbo wake. Nikasema, "Weka simu. Ni wimbo ya barabara tu, inaongea juu ya malori."

Ubeti wa kwanza kweli ulikuwa wa barabara. Malori, vumbi, makondakta, ulinijia wenyewe na watu wakaanza kucheza, hata mchungaji akawa anatikisa kiatu chini ya meza. Nilipofika ubeti wa pili nikatafuta maneno, hakuna. Nikafanya kile ambacho kila mwimbaji akisahau hufanya, nikatabasamu sana na kuwaelekezea watu maikrofoni, kana kwamba nawaheshimu.

Wakaimba. Wote, wake kwa waume, neno kwa neno, tena kwa Kikamba ambacho kikiamua kumkosea mtu hakibakizi: Mutuku wa Mbumbuni ametoroka na amplifaya ya wenzake, amejificha Kiboko, na gita analikuna kama kuku anayetafuta mchwa.

Hapo ndipo Volume ya saba iliponirudia yote. Mwaka ule nilikuwa nimegombana na Mutuku kuhusu picha ya nani ikae mbele kwenye kava ya kaseti (ndiyo, picha, tena zote mbili zilikuwa mbaya), naye akaenda Kiboko kuanzisha bendi yake na akaondoka na amplifaya. Mimi kwa hasira nikamkodi mpiga gita kutoka mji wa Sultan Hamud, nikaingia chumbani Emali na kumtukana Mutuku nyimbo nane mfululizo. Baada ya miezi minane alirudi mwenyewe, tukapeana mikono, akaniambia hajaisikia hiyo kaseti na hataisikia, na tangu siku hiyo hatukuitaja. Nikaisahau kabisa. Kitui hawakuisahau.

Nikavuta maikrofoni lakini walikuwa hawaihitaji. Ubeti wa tatu ulisema ni mkewe anayemwambia saa ya kulala, na nikamwona Ndinda akiweka soda yake mezani polepole. Wa nne ulisema hata mtoto wao akikua hatajua kupiga makofi. Mwende, na shela yake kichwani, alikuwa anapiga makofi. Akaacha.

Sasa ningefanya nini? Niliinua mkono wa kulia kusimamisha bendi. Ila nyinyi mnaojua benga, muziki wetu huu wa magita, mnajua wimbo una sehemu mbili, ya polepole na ya kasi, na kwetu mkono wa kulia ukiinuka maana yake ni moja tu, tunaingia ya kasi. Musembi kwa miaka ishirini na minane hajawahi kuchelewa ishara hiyo. Akaingia. Na sehemu ya kasi ya Safari ya Kiboko ina maneno matatu, "Mutuku, rudisha amplifaya," yanarudiwa mpaka watu wachoke, na watu wa Kitui walikuwa hawajachoka. Nikainua mikono yote miwili. Musembi akaongeza mwendo. Hema zima lilikuwa linaruka, mjomba kofia hewani, mchungaji midomo inacheza (alikuwa anaujua pia, nitaapa mahali popote), na mimi nikakaa juu ya amplifaya. Ndiyo, hiyohiyo.

Nikamwona Mutuku akisimama. Ndinda akamshika koti, akajitoa. Akaja akichechemea katikati ya wachezaji, na watu wakaanza kumtambua mmoja mmoja na kunyamaza, mpaka ikabaki ngoma ya Musembi peke yake. Nilisema moyoni, basi, nimemwaibisha mbele ya wakwe siku ya mtoto wake, hata asiponipiga, Jumatatu haji, na wala sitamlaumu. Akanipita bila kunitazama. Akachukua gita mikononi mwa Kimeu, akalivaa juu ya suti, akaanza kupiga.

Alipiga solo ya wimbo ule. Sio inayofanana nayo, ileile ya yule mtu wa Sultan Hamud, noti kwa noti. Na kwenye raundi ya pili kuna mahali yule mtu aliteleza siku ile tunarekodi, kosa dogo tuliloliacha kwa sababu muda wa chumba ulikuwa unaisha. Mutuku alipofika pale, akateleza vilevile. Mtu hajui kosa kama lile kwa kusimuliwa.

Alipomaliza akainama kwenye maikrofoni. "Wakwe zangu," akasema, "karibuni Mbumbuni. Amplifaya nilirudisha. Mnaona Kioko ameikalia."

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia kwenye onyesho letu lolote. Bendi ikaingia tena kwa kasi, na Mwende akatoka pale mbele na shela yake, akainua mikono juu ya kichwa, akapiga makofi akifuata ngoma sawasawa, huku ananikazia macho mimi.

Baadaye nilimfuata Mutuku nyuma ya hema, amekaa kwenye kreti ya soda akila nyama, suti ina doa. Nikamwomba msamaha, nikajieleza, nikarudia kujieleza. Akaniacha nichoke.

"Ulisema hujawahi kuisikia," nikamwambia mwishowe.

"Nilikudanganya. Nilinunua siku ileile ilitoka. Nilinunua mbili."

"Mbili za nini?"

"Ya kwanza niliivunja na nyundo." Akatafuna kidogo. "Halafu nikaona hiyo solo sikuisikia poa. Nikarudi duka nikaongeza ingine."

Akaniambia kwamba kule Kiboko alikuwa anaisikiliza kila siku akiwa peke yake, anaruka maneno yangu anafuata gita, mpaka akajua mahali yule mtu alikosea. "Nikajiambia, Kioko mwenye ninajua hawezi acha makosa kama hiyo ipite. Hata kama anaharakishwa. Huyo ni mtu amebaki bila mwenzake. Ndio nikabeba hiyo mashine nikarudi."

Miaka yote hiyo nilidhani alirudi kwa sababu bendi yake ya Kiboko haikupata watu. Nilitaka kusema kitu kizuri, badala yake nikachukua mfupa kwenye sahani yake nikawa naguguna ambapo hapakuwa na nyama. Nampenda huyo mtu. Sikumwambia, nawaambia nyinyi.

"Na Jumatatu?" nikauliza.

"Goti inauma," akasema, na akaondoka kwenda kwa wakwe.

Jumatatu nilifika Emali mapema, nikakuta ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichotoka nacho nyumbani, gita mapajani, na mkononi ana karatasi. Katika volume arobaini na tatu hakuna mtu aliyewahi kuingia chumba kile na karatasi. Ulikuwa wimbo mzima, beti saba, zote zinanihusu mimi, moja ya tumbo langu, mbili za picha ya kava, na sharti lake lilikuwa kwamba niuimbe mimi mwenyewe bila kuruka neno. Niliuimba. Ndio unaofungua Volume ya arobaini na nne, na nasikia Kitui wameupenda.

Tangu hapo nimeapa sitaimba wimbo wetu wowote bila kuusikia mpaka mwisho, na ili nisikamatwe tena nimeanza kusikiliza volume zote kuanzia ya kwanza, kidogo kidogo kila asubuhi. Sasa niko ya tisa. Kufikia hapo kuna watu watatu Mbumbuni ambao lazima niwatembelee kuwaomba msamaha, na mmoja wao ni mama mkwe wangu, ambaye nimeambiwa anayo kaseti.