Chumba cha Simenti

Chumba kikavu kuliko vyote katika nyumba ya wakwe zangu hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na mifuko arobaini ya simenti, imepangwa juu ya mbao isiguse sakafu, na imeachiwa upana wa kiganja isiguse ukuta. Dirisha lilifunguliwa jua likitoka, likafungwa mara tu mawingu yalipoanza kukusanyika. Pembeni yalisimama mabati, yamefunikwa turubai, na misumari ilikaa ndani ya kopo, imepakwa grisi isishike kutu. Mama mkwe alilala chumba cha pili, ambako ukuta ulitoa jasho usiku kucha.

Kabla hamjamchukia baba mkwe, kama nilivyomchukia mimi kwa muda, ngoja niwaambie ni mtu wa namna gani. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa mizani. Alipita madukani, maghalani na kwenye mabucha na mkoba wa mawe ya kupimia, kuhakikisha kilo ni kilo. Siku moja mwenye bucha mmoja, ambaye mizani yake ilikuwa na tabia mbaya, alimfungia nyama kwenye gazeti ili asione kitu. Baba mkwe aliipima ile nyama, akamwambia imepungua robo, akaiacha palepale mezani. Huyo ndiye aliyemlea mume wangu, na ndiyo maana mume wangu hawezi kudanganya hata anapoulizwa kama gauni limenikaa vizuri.

Pesa za karatasi hakuziamini. Akiba yake aliiweka kwenye vitu anavyoweza kuvishika: mshahara ukitoka, mfuko wa simenti, mshahara mwingine, bati. Mapema sana alinunua kiwanja, na wiki ya kwanza ya ndoa alimpeleka mkewe kukiona, akamwonyesha kwa fimbo sebule itakapokaa, jiko litakapokaa. Nyumba wanayoishi ni ya kurithi, ya vyumba vitatu, na kwake ilikuwa ya kujishikiza tu. Tangu siku hiyo alimwita mkewe Mwenye Nyumba. Nilipoolewa, walikuwa wameshajishikiza miaka thelathini na mmoja.

Simenti, kama mjuavyo, haikai. Ikipita miezi mitatu, inaanza kushikana na kuwa mabonge, na baadaye unabaki na jiwe lenye umbo la mfuko. Baba mkwe alilijua hilo, kwa hiyo kila Jumamosi aliigeuza mifuko, ya chini akaipandisha juu, na ile ya zamani akaiuza kwa majirani wanaojenga, akanunua mipya. Hakuruhusu mtu amsaidie. Simenti ile ilibembelezwa kuliko mtoto wa kwanza. Nadhani iliyopita mle ndani ingetosha kujenga shule, na walimu wangepata nyumba pia.

Mimi ninafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Nakaa dirishani kutwa nzima nikiwaeleza watu mambo ambayo si ya ajabu: weka kwanza akiba ya dharura ya miezi michache, usitie kila ulichonacho kwenye kitu kimoja, na usinunue kitu kwa sababu tu shemeji yako amekinunua. Watu hunisikiliza kwa sababu kuna kioo kati yetu. Nyumbani hakuna kioo, na mdomo wangu hauna breki.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Mama mkwe alikohoa wiki saba, na nilipompeleka hospitali daktari alisikiliza kifua chake, kisha akaniuliza mimi, si yeye, analala wapi. Nikamweleza. Akasema dawa atatoa, lakini dawa haziwezi kushindana na ukuta. Kifua kile hakitahimili msimu mwingine wa mvua ndani ya chumba kile.

Jumamosi iliyofuata, mezani, nilishindwa kujizuia.

"Baba, mama ahamie chumba kikavu."

"Kina mzigo kile."

"Mzigo utoke."

"Utoke uende wapi, mwanangu? Nje kuna mvua. Simenti ikipata unyevu imekwisha."

"Baba," nikasema, "simenti haikohoi."

Kijiko chake kilibaki hewani. Alikiweka chini polepole, akanawa mikono, akaenda kugeuza mifuko yake. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa kuchelewa, kama kawaida yake.

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba nikiwa nimefura. Nikaukuta ule ukuta. Aliyewahi kukarabati nyumba angeona ugonjwa wake mara moja: mfereji wa bati wa kukusanya maji ya paa ulikuwa umekatika, maji yakimwagika pale pale, na udongo wa bustani, mwaka baada ya mwaka, ulikuwa umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ukuta ulikuwa umesimama ndani ya maji. Ndani walishaupaka rangi mara nne. Rangi haizuii maji. Inayaficha mpaka utakaposahau.

Mama mkwe alinifuata, kanga mabegani.

"Umemwumiza," akasema.

"Na wewe je, mama? Anakuumiza na umenyamaza! Sema neno moja tu, atatoa."

"Najua atatoa. Ndiyo maana sisemi." Alikohoa, akasubiri pumzi irudi. "Nyumba ile aliniahidi mimi. Nikimwambia atoe simenti, nitakuwa nimemwambia kwamba nimeacha kuisubiri. Mwanamume amebeba neno lake miaka yote hiyo, nimtue mimi? Usimwambie nilivyosema."

Mimi nilikuwa nimeona ujinga na ubahili. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba mtu anaweza kulala kwenye unyevu kwa hiari yake, kumtunzia mwenzake heshima. Niliona aibu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Siri yake niliitunza. Lakini nilikwenda kwenye kile chumba. Baba mkwe alikuwa ameketi juu ya mfuko mmoja, vumbi hadi kwenye nyusi, akihema.

"Nisamehe maneno ya mezani," nikasema.

"Yalikuwa ya kweli."

"Hata hivyo. Baba, kwetu kazini akiba ya mtu haihamishwi mpaka mwenyewe aulizwe. Nyumba ya kiwanjani ni ya nani?"

"Ni ya mama yako. Wote mnajua."

"Umewahi kumuuliza anataka ufanye nini nayo?"

Alinitazama muda mrefu, jicho lile lile la kutazama mshale wa mizani mpaka utulie. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa shati, akaenda. Sikumfuata, ila kati ya vyumba vile ukuta ni mwembamba, na sitajifanya niliziba masikio.

"Mwenye Nyumba," alisema. "Naomba ruhusa. Nataka kutumia vile vitu hapa. Nitengeneze ukuta huu. Kiwanjani... sitajenga. Nguvu zimekwisha tangu mwaka juzi. Nilikuwa nageuza mifuko ili usijue."

Nikasikia mama mkwe akicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio, au pengine vyote vilikuja pamoja.

"Nisijue?" akasema. "Kila Jumamosi nakusikia unavyohema hapo ng'ambo. Mfuko mmoja, unapumzika. Zamani ulikuwa unageuza mitano bila kupumzika."

"Kumbe. Sasa ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke, mume wangu. Hukuchoka."

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Aliinama kwenye mfuko wa kwanza, akashika pembe mbili, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "shika huku."

Tuliitoa yote siku ile, mimi, yeye na mume wangu, tukaihifadhi barazani chini ya turubai. Jioni mama mkwe alilala kwenye chumba kikavu.

Ukarabati wenyewe ulituchukua miezi miwili, kwa sababu ukuta wenye maji hauharakishwi. Tulianza na nje: mfereji mpya wa paa, kisha tukauondoa udongo mpaka ukawa chini ya sakafu kwa kina cha shubiri, tukachimba mtaro wenye mteremko kuyapeleka maji mbali. Ndani tulibandua plasta yote iliyooza, kuanzia sakafuni hadi kifuani, tukauacha ukuta wazi wiki sita, madirisha yakiwa wazi. Majirani walituuliza mbona hatupigi plasta. Baba mkwe aliwajibu kwamba ukuta bado una uzito. Kila asubuhi aliuwekea kiganja, na siku aliyosema uko tayari ndiyo tulichanganya simenti. Ilihitajika mifuko sita; mingine alikuwa ameshawauzia majirani. Mabati tuliyatumia kuezeka upya jikoni, na tukayauza yaliyobaki.

Kiwanja alikiuza mwenyewe baada ya kumuuliza mkewe mara tatu. Alikuja na fedha dirishani kwangu, akapanga foleni kama watu wengine, akakataa kupitishwa mlango wa nyuma. Nilimwambia ninachowaambia wote: sehemu ikae ya dharura, sehemu iende kwenye hati fungani za serikali, zitakazomlipa mama kidogo kidogo kila nusu mwaka, na ile anayotaka kuishika, aishike. Alisoma karatasi zote, mstari kwa mstari. Sehemu ya jina la mwenye mali aliandika la mkewe.

Plasta ilipokauka na chumba kupakwa rangi, baba mkwe alimwita mkewe aje akione. Kilikuwa kizuri kweli, hakina hata harufu ya ukungu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, akikohoa asubuhi tu, kama mtu anayesafisha koo. Baba mkwe alisema kesho tutahamisha kitanda, arudi chumbani kwake.

Mama mkwe alikuwa amesharudi kwenye mlango wa kile chumba kilichokuwa cha simenti, ameegemea mkono kwenye fremu.

"Nirudi wapi tena?" akasema. "Mimi nimeshahamia nyumba mpya."

Baba mkwe akamuuliza angependa pazia la rangi gani.