Nilikaza Nati ya Turbo, Nikanyamaza

Ndugu musomaji, mi mwenyewe njo nilikosa. Usitafute mwingine. Jina yangu sitaandika, juu ya batoto yangu, lakini hapa Kolwezi kuna batu batasoma hii na batajua ni nani.

Mi ni mekanisie, fundi wa magari. Rafiki yangu nitamuita Ilunga. Tulisoma darasa moja tangu utoto. Yeye alikuwa anabeba batu kwa gari yake ndogo ya esanse, ile petroli, Kolwezi kwenda Likasi. Batu mingi, lakini motere, ile injini, ilikuwa kidogo! Kupita kamiyo kubwa za kubeba minerai, mawe ya migodi, kwa mulima ilikuwa hatari: unatoka, unakanyaga, gari inavuta polepole, na mbele kamiyo ingine inakuja.

Akaniambia, “Kaka, unitiye turbo. Si juu ya kukimbia. Nataka tu kupita na kurudi upande yangu mbio.”

Ile kazi nilifanya muzuri, Mungu anajua. Nilipima kwanza nguvu ya kila silinda, juu motere yenye kuchoka haibebake turbo. Nikatia turbo ndogo, ile pampu ya kusukuma hewa mingi mu motere, na radiateri ya kupoza hewa, na enjekteri za kutoa esanse mingi. Presha ya ile hewa inashikwa na nati moja; nikaiacha chini. Nikasema, “Hapa mutu asiguse.”

Ilunga akacheka. “Nani ataigusa, kama si wewe?”

Gari ikatumika miezi, bila shida. Bibi yake, Mama Odette, akaanza kusafiri naye kuuza bitenge. Hakuogopa barabara tena.

Sasa sikia ujinga yangu! Siku moja gari ilikuwa kwangu, nibadilishe mafuta. Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, akafika na gari mupya, anajivuna mbele ya batu. Roho ikaniwaka! Nikakaza nati ya turbo, presha ikapanda, tukashindana kwa barabara ya Kingamyambo. Nikamuacha mbali nyuma. Batu bakapiga makofi. Ah, nilijiona mukubwa!

Jioni nikamurudishia Ilunga gari yake. Nati sikuilegeza. Nikajiambia, acha naye afurahi. Bongo, uongo tupu! Nilitaka anisifu.

Kesho yake asubui akapiga simu toka njiani. “Kaka, leo gari inakimbia sana. Lakini kwa mulima motere inalia sawa misumari ndani ya kopo. Nisimame?”

Nilijua. Ile kelele kila mekanisie anaijua: moto inapasuka ndani ya silinda bila kungoja saa yake, pistoni inateseka. Neno moja tu ingetosha! Lakini angeuliza nani aligusa. Nikajibu, “Ni esanse mubaya. Enda tu, tutaangalia ukirudi.”

Enda tu! Njo bile nilisema.

Ingine nilisikia kwa Mama Odette, kwa kitanda ya opitali. Ilunga alitoka kupita kamiyo, na katikati ya kupita pistoni ikatoboka. Moshi ikajaa, nguvu ikakwisha. Kamiyo ingine, ya kukuja mbele yabo, ilikuwa inapiga honi. “Nilimuona anakanyaga, anakanyaga, gari haiende,” Mama Odette akaniambia. “Akasema tu, Odette, shika! Akatupa gari mu mufereji.”

Batu ba nyuma balitoka na bidonda kidogo. Mama Odette, mukono yake ya kuume ilisagika. Banganga ba opitali bakaikata.

Na mi? Wakati bengine balikuwa banakimbia opitali, mi nilikimbia kwa gari, kule mu mufereji! Nikalegeza nati, nikairudisha fasi yake ya zamani. Polisi bakasema dereva alipita vibaya, bakamunyanganya permi yake ya kuendesha. Nikanyamaza.

Ilunga akakuja kwangu, amekonda. “Wewe unajua motere. Uniambie kweli, mi njo nilimupotezea bibi yangu mukono?”

“Ni bahati mubaya, kaka.”

Akalia. Kisha akanishukuru! Mi!

Hashikake usukani tena. Hata pikipiki anakatala kubebea batoto yake.

Jumapili iliyopita nilienda kwake, nikasema yote: nati, kelele, bongo yangu. Mama Odette akaacha kukunja nguo na mukono yake moja. Ilunga hakunipiga. Nilitaka anipige! Akauliza kitu moja: “Wakati nilikupigia simu, ulijua?”

“Nilijua.”

Akafungua mulango. “Toka sasa. Batoto banarudi toka kanisa. Sitaki bakuite tata tena, sawa baba yabo.”

Ndugu yangu mwenye kupenda turbo, turbo haina zambi. Motere ya kawaida inaweza kuibeba myaka, kama ni muzima, kama presha iko chini na esanse inatosha. Lakini usikaze kitu juu ya sifa! Ukigusa gari ya mutu, umwambie. Na kama uligusa, ukanyamaza, na mwenye gari yuko njiani, umupigie simu sasa hivi. Usingoje kumaliza kusoma.