Kisu cha Posa

Baba wa binti niliyetaka kumwoa alikuwa na nyumba Mbagala, shamba la mihogo nyuma ya nyumba, gobori lenye leseni ya serikali, na dharau ya kuwatosha vijana wote wa Temeke. Kabla ya kutuma wazee wangu nilikwenda mwenyewe kusalimia, nijue kama njia ipo. Nilimkuta amejilaza kwenye kitanda cha kamba barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeandika hadithi?"

"Ndiye mimi."

"Zinaliwa?"

Nikasema haziliwi, lakini hupoza moyo.

"Moyo wa binti yangu haujaungua," alisema, akageuka kunitazama vizuri. "Sikiliza, kijana. Mie nilipomposa mama yake, baba yake alinitaka nimchinje mnyama wa porini kwa mkono wangu na kwa kisu changu mwenyewe, si cha kuazima. Na wewe utafanya vivyo hivyo. Kupiga nitapiga mie, maana wewe utajipiga mguu. Kuchinja utachinja wewe, nikikuangalia, na nyama italiwa humu ndani. Ukishindwa, rudi kwenye hadithi zako. Yuko mwenye duka anaulizia."

Mwenye duka huyo nilikuwa namfahamu. Alikuwa na tumbo, baiskeli na meno mawili ya dhahabu, na hajawahi kuandika hata ubeti mmoja. Hatari yake ilikuwa hapo hapo.

Niliporudi Temeke ndipo nilipotambua kwamba sina kisu. Nyumbani kwetu kilikuwepo kimoja, cha mama, kilichonolewa miaka mingi mpaka kikawa chembamba kama jani la mchaichai. Kilitosha vitunguu. Kwa mnyama anayerusha mateke kingekuwa dhihaka.

Jioni hiyo nikalipeleka tatizo langu kwa wenzangu. Tulikuwa kundi la vijana tuliokutana kwenye baraza ya fundi cherehani kusomeana tungo, na kila mmoja wetu aliamini kwamba lugha ya Kiswahili ilikuwa inamsubiri yeye peke yake. Nilieleza kwamba nahitaji kisu cha kwenda nacho porini. Walifurahi kuliko nilivyotegemea. Mmoja alisema kisu cha mpenzi lazima kiwe kirefu kama subira yake. Mwingine akasema kifupi, kwa kuwa maumivu ya kweli hayana maneno mengi. Watatu wakabishana kama ala iwe nyekundu au nyeusi. Kabla ya kuagana zilikuwa zimetungwa beti nyingi nzuri kuhusu makali, na mmoja wao, akimenyea kundi chungwa, alijikata kidole gumba na kuomba kuzimia.

Kwa kuwa mashairi hayakusaidia, nilikwenda kwa jirani mmoja aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alikuwa amerudi kutoka Burma na jambo moja la kusimulia na jisu moja la kuonyesha. Jisu lilikuwa la kutisha kweli: jembamba, refu, linakata pande zote mbili, ncha kama mwiba wa nungu. Alilitoa polepole kwenye kitambaa chenye mafuta.

"Hili," alisema, "limeokoa maisha ya watu."

"Ulichinja nini nalo, kaka?"

"Huko?" Akafikiri. "Viazi, zaidi."

Alikuwa mpishi. Hata hivyo ningelichukua, kwa jinsi lilivyong'aa, kama nisingekuwa nimeongozana na rafiki yangu mwalimu. Huyu alikuwa Mkristo kutoka bara, mpangaji wetu wa chumba cha pili, aliyekulia kwenye mitego na mawindo, na aliyekuwa na ugonjwa wa walimu wote: hawezi kukaa na jambo analolijua bila kulifundisha. Alilishika jisu la Burma, akalirudisha.

"Hili ni la kumchoma mlinzi usiku," alisema. "Makali pande zote! Utaweka wapi kidole gumba unapochuna? Utagongea wapi gogo unapopasua kuni?"

Tulipofika nyumbani alichukua chaki akanichorea ukutani. Bado naikumbuka michoro ile, na mama anaikumbuka zaidi, kwa sababu haikufutika. Kisu cha porini, alisema, kisiwe cha kukunja, maana kilichokunjika kimekwisha kuvunjika. Chuma kiwe kimoja tangu ncha mpaka mwisho wa mpini, kisiwe kile kilichochomekwa nusu na kugandishwa kwa ulimbo, kikifika kwenye mfupa unabaki mkononi mpini mtupu. Mgongo uwe mnene, makali upande mmoja tu. Urefu ukizidi kiganja na nusu hicho si kisu tena, ni panga lenye aibu. Mpini uwe wa mti usioteleza ukilowa damu. Kuhusu vile visu vyeupe vya madukani visivyoota kutu, alisema ni kweli havioti kutu, na ni kweli pia kwamba havikati. Chuma cheusi kitashika kutu kwa hewa yetu ya pwani, lakini kipake mafuta ya nazi, na kikiwa butu hata jiwe la mtoni litakirudishia makali.

Tukaenda kwa mhunzi na kipande cha springi ya lori. Mwalimu alisimama juu ya kichwa chake akimsahihisha kila pigo, mpaka mhunzi akaweka nyundo chini.

"Mwalimu, unataka kisu au unataka daraja?"

Kilipokamilika kilikuwa kibaya cha sura na kitamu cha mkono. Mpini wake wa mpingo ulinikaa kiganjani kama neno lililopata mahali pake kwenye sentensi. Nilikata nacho kamba, nikachonga kijiti, nikanyolea vinyweleo vya mkono. Usiku nililala nimekiweka chini ya mto na kumwota binti, ambaye katika ndoto alikuwa akila nyama kwa furaha isiyo ya kawaida.

Alfajiri ya safari tulikuwa watatu: mzee, mwalimu aliyeomba kuja kushuhudia matunda ya somo lake, na mimi. Mzee alibeba gobori begani na kiunoni alivaa jambia la kurithi, ala yake imepambwa fedha. Alitazama kisu changu kwa jicho la pembeni.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho, mzee."

"Kina sura ya mhunzi." Akaligonga jambia lake kwa kiganja. "Hili lina sura ya ukoo."

Tulipita mwisho wa mashamba, palipo na vichaka. Ukungu ulikuwa umekalia majani ya mihogo kama mgeni asiyejua aage vipi, na mimi nilikuwa nikiitafutia hali ile maneno wakati kichaka kilipopasuka na nguruwe mwitu akatoka. Mzee alikuwa amekuja kutafuta paa. Lakini nguruwe hao walikuwa wamemlia mihogo yake miaka yote, na hakuna binadamu wa Mbagala ambaye angeweza kujizuia. Akapiga. Nguruwe akaanguka, akainuka nusu, akaanza kupiga kelele za kuamsha makaburi.

"Nipe kisu!" mwalimu akaniambia.

Nimelelewa kutomnyima mgeni. Nikampa, kama mtu anavyopitisha chumvi.

Alimmaliza kwa pigo moja safi, akasimama na tabasamu pana, damu imemfika kwenye viwiko. "Umeona?" alisema. "Mgongo mnene. Gumba limetulia. Umeona?"

Mzee, aliyekuwa akishindilia baruti kwa risasi nyingine, aliinua macho. Sote watatu tukakitazama kisu. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Alikifuta haraka kwenye nyasi, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, akaninyooshea mpini kwa adabu.

"Kimetakata," alisema. "Kuliko sahani."

"Najisi," mzee alisema, akarudi nyuma hatua mbili kana kwamba kisu kingemrukia. "Hakifutwi hicho. Kinaoshwa mara saba, na moja kwa udongo."

"Basi tukioshe."

"Kwa mate yako?"

Chupa yetu ya maji ilikuwa imebaki na matone. Ikabidi tushuke kwenye kijito bondeni, mwalimu mbele akikibeba kisu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akiomba radhi kwangu, kwa mzee, na nadhani kwa kisu chenyewe. Hatujafika bondeni paa akaruka mbele yetu. Gobori lilikuwa tayari limeshindiliwa, na mkono wa mwindaji haungoji kijito. Mlio ukavuma. Paa akalala ubavu, miguu ya nyuma imevunjika, shingo imeinuka, anapumua.

"Chinja!" mzee akapiga kelele.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa kisu, mwana wee!"

"Kipi?"

Akageuka kukitazama kisu vidoleni mwa mwalimu. Mnyama asipochinjwa pumzi ikiwemo ni kibudu, na kibudu hakiingii chungu cha Mwislamu hata awe na njaa ya namna gani. Nikamwona mwenye duka akitabasamu kwa meno yote mawili. Nikasema, "Mzee, niazime jambia."

"Nilisema si cha kuazima."

"Mzee, anakufa."

Aliangalia paa, akaangalia mbingu, akashika mpini wa jambia na kuvuta. Halikutoka. Akavuta tena. Akasema limebana kwa sababu ya umande. Nikashika ala kwa mikono miwili, yeye mpini, tukavutana kama watoto wanaogombea kamba. Alinikanyaga, nikaangukia magoti, tukavuta tumekaa chini. Kutu iliyokuwa humo ndani ilikuwa na umri kunizidi mimi. Mwalimu alisimama pembeni na najisi yake mkononi, macho ameyaelekeza mbali kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

Paa alitutazama muda wote. Lilikuwa jicho kubwa, jeusi, lenye maji, ambalo kundi letu zima la washairi lisingelimaliza kwa mwaka. Kisha likawa jicho tu.

Halafu mwalimu akakohoa.

"Samahani, wazee. Huyu naye... mtamwacha hapa?"

Alikwenda kuwaita wenzake wa kanisani wambebee, na Jumapili ile wakala nguruwe na paa, wakamshukuru Mungu kwa nyimbo za sauti nne.

Mzee na mimi tulirudi, yeye mbele. Mgongo wake haukuniambia lolote. Nilikuwa nimekwisha anza kumzika binti moyoni, kwa maneno mazuri sana, tulipokaribia nyumba na kuwakuta majirani wamekusanyika. Walikuwa wamesikia milio miwili, na vyungu vilikuwa vimebandikwa.

"Nyama iko wapi?" wakauliza.

Mzee akajisafisha koo. Nikatazama chini.

"Nyama ilipatikana," alisema. "Paa mnene, mnene hasa. Lakini kisu kilikuwa kimeguswa na nguruwe, kijana huyu akakataa katakata kumchinjia. Mie nilimwambia, mwanangu, dharura ina hukumu yake. Akasema, hapana, mzee, bora nikose mke kuliko kulisha watu shaka." Akaniwekea mkono begani, na vidole vyake vilinibana kwa nguvu. "Vijana wa namna hii hawapo tena."

Akina mama wakasema mashallah. Mzee mmoja akaniombea dua papo hapo. Kwa muda wote huo mkono wa kushoto wa baba mkwe ulikuwa umefunika ala ya jambia, na mimi nikafunika mdomo wangu.

Nilipokuwa naondoka nilipita uani. Binti alikuwa nyuma ya mlango wa makuti, sikuona ila kanga yake na jicho moja.

"Nasikia umekuwa mchamungu," alisema.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na baba hakutoa jambia lake?"

Akaanza kucheka, kwa sauti ndogo ya kujizuia.

"Halitoki lile, tangu mie sijazaliwa. Mama hupondea vitunguu saumu kwa mpini wake, baba akilala."

"Basi mnajua wote?"

"Tunamheshimu," alisema. Kisha akasogea karibu na mlango, na kicheko kikamwisha. "Walete wazee wako Ijumaa. Isiwe Ijumaa nyingine, hii hii. Leo anakupenda kwa sababu anajipenda. Ukimwacha akafikiri, atakumbuka kwamba ulikuwepo, ukaona."

Nilikwenda mbio hadi Temeke kuwaambia wazee wangu wafue kanzu.