Hoja na Haja

Kazini walimwita Naunga, na hata watoto wake mapacha wakitaka kumchokoza walimwita hivyo hivyo. Jina lenyewe lilizaliwa kwenye kikao cha wafanyakazi wa hospitali. Mganga mkuu alikuwa ametoa hoja, sijui ya kubadilisha zamu, sijui ya nini, akauliza nani anaunga mkono. Wakati huo huo muuguzi akachungulia mlangoni na kusema kuna mtoto ameanguka ukutani, kavunjika mkono. Jamaa akasimama, akatoa glavu mfukoni, akasema, "Naunga mkono," akatoka zake. Watu walicheka mpaka kikao kikaahirishwa. Maana kazi yake ndiyo hiyo: chumba cha plasta nyuma ya mapokezi, ndoo ya maji ya vuguvugu, bandeji za jasi, na watu wamekaa kwenye benchi na viungo vyao vilivyovunjika wakisubiri kuungwa.

Ila kicheko hicho kilifunika jambo. Jamaa aliunga mkono kweli kweli. Kikao chochote, hoja yoyote, wa kwanza yeye: naunga mkono. Si kwamba alikubaliana na kila kitu. Aligundua zamani kwamba hoja ikiungwa mkono mapema, watu hurudi nyumbani mapema, na yeye alikuwa mtu aliyechoka.

Simlaumu, na wewe usimlaumu bado. Mtu amesimama kutwa nzima anazungusha bandeji kwenye mapaja ya watu wazima wanaolia kuliko watoto, halafu anarudi nyumbani kuanza zamu ya pili. Hiyo zamu ya pili ilikuwa mama yake. Bibi kichwa chake kizima, ulimi mzima, masikio yanasikia hata yale usiyotaka asikie, lakini miguu ilishagoma. Kumnyanyua, kumwogesha, kumpeleka choo, kumgeuza usiku anapoita. Mchana ilikuwa kazi ya mkewe Naunga, kuanzia jioni ni yake mwenyewe. Bibi aliletwa pale "kwa muda". Neno hilo lilisemwa mapacha wakiwa wanajifunza kufunga kamba za viatu; sasa wananyoa ndevu, na muda haujaisha.

Jioni akifika mlangoni alikuwa na kawaida yake moja. Anatoa ufunguo, anausogeza kwenye kitasa, halafu hauingizi. Anasimama tu, begi begani, anaangalia mbao za mlango. Hawazi lolote. Anajikusanya. Alimpenda mama yake na alichoka, yote mawili yalikaa kifua kimoja na hakuna lililomfukuza mwenzake. Kisha anafungua na kuingia na sauti ya uchangamfu: "Shikamoo mama, umeshindaje?" Na bibi, kwenye kiti chake pembeni ya dirisha, anaitikia, "Marahaba mwanangu, nimeshinda salama."

Sasa tuje kwa kaka mkubwa wa Naunga, maana bila yeye hakuna kisa. Huyu alikuwa mwalimu, kastaafu na heshima zake, na shuleni ndiye aliyekuwa mlezi wa klabu ya mdahalo. Nyumbani walimwita Mwenyekiti. Mambo ya familia hayakuzungumzwa hivi hivi. Yaliitishiwa kikao, kikafunguliwa, kikafungwa. Na kabla ya kufungua, alipenda kuwakumbusha maana za maneno. "Mdahalo ni wa wanafunzi," alikuwa akisema. "Una watetezi na wapinzani, na mshindi anapigiwa makofi. Mjadala ni wa watu wazima, hauna mshindi, una uamuzi. Mabishano ni ya vijiweni. Malumbano ni ya mke na mume."

Maneno mazuri, hata mimi nimeyakariri. Lakini angalia yalivyotumika. Akisema yeye, hiyo ni hoja. Akisema dada yao, huo ni ubishi. Mke wa Naunga akiuliza kitu, hajauliza, amehoji, akirudia, amebisha, machozi yakimlenga, ameleta jazba kikaoni. Wapo wanaomwogopa ndugu mwenye pesa au ndugu mwenye hasira. Mimi namwogopa ndugu aliyejimilikisha maana za maneno, kwa sababu ukifungua mdomo tu, ameshakuandikia ulichosema.

Basi, bibi akaanguka. Alfajiri moja aliamua kwenda choo peke yake, asimwite mtu, akashikilia ukuta hadi ukuta ukaisha. Mkono ukavunjika karibu na kiganja. Naunga akamfunga plasta mwenyewe, asubuhi ile ile, pale pale kwenye chumba chake cha kazi. Akamuuliza kwa nini hakuita. Bibi akasema, "Ulikuwa umelala vizuri." Mwanawe akaendelea kulainisha jasi na kiganja chake mpaka ikakauka.

Mwenyekiti aliposikia, akaitisha kikao, Jumapili baada ya chakula.

Jikoni, mkewe Naunga alikuwa anapanga vikombe. Mgongo wake ulishakwisha kwa kumnyanyua mkwe. Daktari alishamkataza kubeba chochote kizito, naye alishamwitikia daktari na kurudi nyumbani kubeba. Siku hizi ilibidi apige magoti kwanza ndipo amwinue bibi.

"Leo usiunge mkono," alimwambia mumewe.

"Hata hoja yenyewe siijui."

"Hata mimi siijui. Usiunge tu."

Akasema sawa. Mkewe akamwangalia kwa namna ya mtu ambaye amewahi kuambiwa sawa mara nyingi, akachukua sinia.

Walikaa sebuleni. Mwenyekiti kwenye kochi kubwa, miwani puani. Dada yao, mwenye saluni nyumbani kwake, kwenye kochi dogo, simu mapajani. Naunga kwenye kigoda karibu na mama. Mkewe alibaki amesimama mlangoni, kwa sababu kwa utaratibu wa Mwenyekiti wakwe ni waalikwa, wanasikiliza na kuleta chai. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, mkono na plasta yake nyeupe umelala juu ya mto.

Mwenyekiti akafungua kikao. Akashukuru mahudhurio. Akasoma hoja kwa sauti ile ya darasani. Kwa kuwa mama amevunjika mkono, na kwa kuwa mdogo wetu ni mtaalamu wa mifupa, na kwa kuwa mama ameshazoea nyumba hii, basi kikao hiki kiamue kwamba mama aendelee kuishi hapa moja kwa moja. Yaani lile "kwa muda" lifutwe.

Mlangoni, sinia likalia kidogo.

"Kwangu kuna ngazi," alisema dada haraka, kabla hajaulizwa. "Mngemuonea huruma na zile ngazi."

"Na kwangu," alisema Mwenyekiti, "wageni hawaishi kuja. Mama anahitaji utulivu. Nafungua mjadala."

Akazungumza yeye. Alieleza umuhimu wa utulivu, akaeleza umuhimu wa kuwa karibu na hospitali. Alikuwa ameanza kueleza umuhimu wa mazoea, bibi akanyoosha shingo na kusema kwa sauti ndogo, "Nina haja."

"Hoja yako tutaipokea mwisho, mama," alisema Mwenyekiti.

"Nimesema haja."

"Ndiyo, mama. Kila hoja ina wakati wake."

"Haja, wewe mtoto. Ndogo. Na haina wakati wake."

Dada akaangua kicheko, akakimeza. Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa. Ni Naunga peke yake aliyesimama, kama ilivyo siku zote. Akapitisha mkono mmoja chini ya kwapa la mama yake, mwingine mgongoni, akamnyanyua, na wakaanza safari ya kwenda choo, hatua nusu nusu, bibi akiulinda mkono wake wa plasta usigonge fremu za milango. Alimsubiri. Akamsafisha. Akamrekebisha gauni, akamnawisha mkono ule mzima. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa unauma pale unapouma kila siku. Kisha safari ya kurudi.

Waliporudi sebuleni, chai ilikuwa imeshamiminwa na Mwenyekiti anatafuna.

"Tumekwenda mbio," alisema kwa bashasha. "Ulipotoka tumejadili, tumefikia pazuri. Dada yako hana pingamizi. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu, uunge mkono, tumalize."

Naunga alikuwa bado hajamkalisha mama yake vizuri. Alimshusha taratibu, akauweka mkono juu ya mto, akakaa kwenye kigoda. Kinywa kikafunguka chenyewe, maana kilishazoea. "Na..." akasema. Na hapo kikakwama. Alimwona mkewe mlangoni, ameegemea fremu, ameshika kiuno. Mjadala umefanyika akiwa chooni. Wamejadili nani ambebe mama, na aliyembeba hakuwepo kwa sababu alikuwa amembeba.

"Naipinga," akasema.

Hakupaza sauti. Mapacha, waliokuwa wanachungulia kutoka chumbani, walidhani hawakusikia vizuri.

"Unasemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Naipinga."

Kaka mtu akaweka kikombe chini. "Unampinga mama? Mama huyu aliyekuzaa, unampinga mbele yake?"

Na ndiyo maana nilikwambia namwogopa mtu huyu. Silabi moja tu aliibadilisha. Mdogo wake amesema naipinga, hoja. Yeye kasikia nampinga, mama. Ukiipinga hoja umetoa maoni, ukimpinga mama yako umelaaniwa. Na Naunga mambo ya silabi hakuyasomea. Uso ulimwiva. Aliangalia viganja vyake, vilivyopauka kwa jasi.

"Nimechoka, kaka," alisema. "Na huyu mwenzangu mgongo wake umekwisha. Sisemi mama afukuzwe. Nasema tupokezane. Akae kwangu, akae kwako, akae kwa dada. Zamu."

"Hiyo ni jazba."

"Basi ni jazba. Nimechoka."

Mwenyekiti akatabasamu, kwa sababu utaratibu ulikuwa bado mikononi mwake. "Haya. Tufanye kihalali. Mjumbe ametoa hoja mbadala, kwamba mama akae kwa zamu. Hoja isiyoungwa mkono inakufa, mnalijua hilo. Nani anaunga mkono?"

Dada alikuwa anaipangusa simu yake kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na vumbi. Mkewe Naunga alifungua mdomo, akakumbuka kwamba yeye ni mwalikwa, akaufunga. Naunga mwenyewe akainamisha kichwa. Miaka yote ameunga mikono ya watu, ya hospitalini na ya vikaoni, na siku yake ya kutoa hoja sebule nzima imenyamaza. Aliumia, nisikufiche. Aliumia kuliko alivyotarajia.

"Kama hakuna," alisema Mwenyekiti, "basi..."

Pembeni ya dirisha, kitu cheupe kikaanza kupanda. Kilipanda polepole, maana plasta ni nzito na bega lenyewe ni la kizee, kikatetemeka, kikafika usawa wa sikio.

"Naunga mkono," alisema bibi.

Mwenyekiti alikohoa. "Mama, kwa utaratibu... wewe si mjumbe. Wewe ndiye mada."

"Mada inaunga mkono. Andika."

"Mama..."

"Na nitaanza kwako. Hao wageni wako wasioisha watanisaidia kwenda choo." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, hizo ngazi wateja wako wanapandaje?"

Dada alisema, "Sawa, mama," na safari hii hakucheka. Mwenyekiti alitafuta neno. Alilitafuta kwenye miwani, akalitafuta kwenye kikombe. Mwisho akasema mjadala umefungwa, ingawa hakuna aliyekuwa anamsikiliza, kwa sababu Naunga alikuwa ameinuka kuushusha ule mkono kabla haujamchosha mama yake.

Kaka na dada walipoondoka, jua bado lipo, Naunga alikaa kitandani kwa mama akikunja magauni na kuyaweka kwenye begi. Mkewe alikuwa amelala chumba cha pili, usingizi wa mchana, kitu ambacho hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alikifanya lini. Naunga alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Usidhani nakufukuza, mama."

"Sidhani."

"Ni zamu tu. Utarudi."

"Najua nitarudi. Nipe ile sweta, usiikunje hivyo."

Akampa. Kisha lile lililokuwa linamkera likamtoka. "Sijawahi kukulalamikia hata siku moja. Kila nikiingia hapa nimekuamkia vizuri. Kwa nini umeniunga mkono? Kwani ulishajua kabla ya leo?"

Bibi aliweka sweta mapajani na kuilainisha kwa mkono wake mzima. Lile dirisha la sebuleni, penye kiti chake, linatazama baraza ya mlangoni, na kwenye pembe ya pazia pana upenyo.

"Kila jioni nakuona umesimama pale nje na ufunguo mkononi," alisema. "Mwanzoni nilidhani kitasa kinakusumbua."