Neno Sahihi la Kumwita Dada

Dada yangu hakufa, niseme mapema nisije nikamtisha mtu. Yuko Masukulu, ana migomba yake na watoto watatu, na pumu yake nayo iko palepale. Nimeanza hivi kwa sababu kila nikisimulia habari ya lile neno, watu hujiandaa kunipa pole ya msiba. Hakuna msiba. Kuna jambo nililolifanya nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo sijapata pa kulitua.

Tulikaa kwenye nyumba za kambi, ndani ya shamba la chai, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Tukuyu mjini. Baba, ambaye sisi Wanyakyusa tulimwita Tata, alifanya kazi kiwandani, kwenye sehemu ya kunyausha majani. Nyumbani tulikuwa watoto wanne: dada, mimi na wadogo zetu wawili wa kiume. Dada alizaliwa na mdogo wake Tata. Baba yake alipofariki, mama yake aliolewa tena huko Kyela, na yeye akaletwa kwetu akiwa bado anatambaa. Hayo niliyajua tangu utotoni na hayakuwahi kubadilisha kitu. Tulilala kitanda kimoja. Kifua chake kilipoanza kupiga filimbi, mimi ndiye niliyekwenda kumwita Mama. Alipelekwa zahanati ya shamba, akachomwa sindano na kupewa vidonge bure, kama mtoto mwingine yeyote wa mfanyakazi.

Kiingereza nilikianza kwa aibu. Muhula wa kwanza wa sekondari tuliambiwa tueleze familia zetu, nami nikasimama nikasema kwamba "my small father" alifariki zamani. Darasa zima lilicheka. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao kuficha meno. Mwaka mzima nikaitwa Small Father, mimi msichana.

Basi mwalimu akachora ukoo ubaoni, akatuonyesha kila mtu na jina lake. Baba mdogo ni "uncle". Mtoto wake, kwangu mimi, si "sister", ni "cousin". Kwa baba yangu ni "niece". Niliuliza itakuwaje kama mtoto huyo amelelewa nyumbani kwetu tangu mchanga. Mwalimu akajibu kwamba Kiingereza hakiangalii nani alikula chungu cha nani. Nyumbani hatukuwa na neno la namna hiyo. Mpwa tulimjua, lakini mpwa ni mtoto wa dada yako, wa boma la watu wengine. Mtoto wa kaka ni mtoto, basi. Hata hivyo niliyakariri yale maneno usiku na mchana, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikutaka kuchekwa tena.

Ilikuwa ile miaka ya kuuza mashirika ya umma, na shamba letu nalo likapata mwenyewe mpya. Jambo la kwanza lililotufikia kutoka kwake lilikuwa fomu, yote kwa Kiingereza. Kila mfanyakazi aandike watu wa nyumbani kwake, umri wao, na kila mmoja ni nani kwake. Tata aliikunja kwenye mfuko wa shati, akaja nayo mpaka mezani kwangu. Aliifuta meza vumbi kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

Mama tulimmaliza haraka. Kisha Tata akataja jina la dada, akasema, "Mwandike mwanangu."

Kalamu yangu ikasimama. Nikamwambia kwamba kwa Kiingereza dada ana neno lake. Akauliza neno hilo maana yake ni nini, nikamjibu ni mtoto wa ndugu yake.

"Na mtoto wa ndugu yangu ni nani?"

"Ni mtoto wako, Tata. Lakini wao wanamwita hivyo."

Dada alikuwa jikoni akimenya ndizi, mlango uko wazi, anasikia yote. Ni yeye aliyesema, "Mwache aandike, Tata. Yeye ndiye anayesoma."

Nikaandika "niece", kwa mwandiko ambao watu huuweka akiba kwa barua za kuomba kazi. Nilijisikia vizuri sana. Nilitaka mtu fulani ofisini, hata nisiyemjua, aisome ile fomu na aone kwamba katika zile nyumba za kambi kuna anayejua. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na kila nikiikumbuka naona haya.

Haukupita muda mrefu, orodha ikabandikwa kwenye mlango wa zahanati. Dada alikwenda pale kifua kimembana, mimi nikiwa nimemshika mkono. Nesi alikuwa akimjua tangu mdogo, na bado alipitisha kidole kwenye karatasi mara mbili. Mama yumo, mimi nimo, wadogo zetu wamo. Dada hayumo. Nesi alimpa vidonge vya siku tatu kwa huruma yake, akasema asirudi tena mpaka mambo yatengenezwe.

Tata akaenda ofisini kuyatengeneza, akanichukua nimsaidie kusema. Karani alitoa fomu yetu. Neno langu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Akaeleza kwamba wanaotambuliwa ni mke na watoto wa mfanyakazi, na mzee mwenyewe ameandika kwamba huyu si mtoto wake. Tata akasema hakuandika hivyo. Karani akanitazama, akamtazama, akasema fomu imejazwa vizuri kabisa, na akiibadilisha sasa itaonekana amedanganya, na wadanganyifu kazi hawana. Tukatoka. Jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyejaziwa fomu na mtu asiyejua Kiingereza zaidi ya salamu, alikuwa na watoto wawili wa marehemu kaka yake nyumbani. Wote waliandikwa "daughter", na wote walitibiwa.

Tata hakunigombeza. Njiani aliniuliza kama nina njaa. Laiti angenipiga.

Halafu likaja tangazo kwamba wasio kwenye orodha wasiishi kwenye nyumba za shamba. Tata alikwenda ofisini mara ya pili na ya tatu, bila mimi, akarudi vilevile. Mwishowe ikaamuliwa dada aende kwa bibi Masukulu. Mama alimfungia nguo kwenye khanga, akamwekea na mkebe wa vidonge vilivyobaki, akaingia ndani asimwone akiondoka.

Nilimsindikiza. Manyunyu yalikuwa yakianguka, njia inateleza, na kila kilima dada alisimama kuvuta pumzi. Kwenye kimoja alitua mzigo chini, akakaa mpaka kifua kikatulia.

"Kwa Tata mimi ni lile neno lako," akasema. "Na kwako ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwalimu alilichora ubaoni, na kwenye mtihani nililipata.

"Sister," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa?"

Nikatikisa kichwa kwamba sivyo.

"Kumbe unaweza kukosea," akasema. "Si ungekosea siku ile."

Nikamwomba anipe mzigo niubebe mpaka kwa bibi. Akakataa, akajitwika mwenyewe, akatangulia.